Siri ya Vinundu vya Kunde

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Hata hivyo, mahindi yanayopepewa na hewa hiyo mchana na usiku yanaweza kugeuka manjano kwa kuikosa naitrojeni hiyohiyo. Fumbo hili liliwasumbua wataalamu wa Ulaya kwa karibu nusu karne.

Mwaka 1838 Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault aligundua kwamba klova na njegere, mimea ya jamii ya kunde, hujiongezea naitrojeni, lakini ngano haijiongezei. Inatoka wapi? Huko Rothamsted, Uingereza, John Lawes, Joseph Gilbert na Evan Pugh walianza kulichunguza swali hilo mwaka 1857. Walichoma udongo ili kuondoa kila chembe ya naitrojeni, wakaotesha mimea yao chini ya vioo. Hakuna mmea uliochuma naitrojeni hewani, nao wakahitimisha kuwa hakuna unaoweza. Hawakujua kwamba moto wao ulikuwa umemuua mtenda kazi waliyemtafuta.

Hermann Hellriegel wa Bernburg, Ujerumani, alipanda nafaka na njegere kwenye mchanga usio na naitrojeni. Nafaka zilidumaa. Katika mchanga uliopikwa, njegere nazo zilidumaa. Lakini zilipomwagiwa maji kidogo yaliyochanganywa na udongo wa shambani, zilistawi, na mizizi yake ikaota vinundu. Mwaka 1886 alitangaza Berlin kile ambacho yeye na mwenzake Hermann Wilfarth walikuwa wamekibaini: wafanyakazi ni vijidudu waishio ndani ya vinundu hivyo. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga vijidudu hao na kuwaotesha peke yao.

Ni ushirika wa nipe nikupe. Mmea huwapa vijidudu hao, yaani bakteria, sukari, nao huupa naitrojeni. Majani na mizizi vikioza, naitrojeni hubaki udongoni. Mahindi huila, ng'ombe na binadamu huipata kwa kula mimea, na samadi huirudisha shambani. Bakteria wengine huiachia tena angani, na safari huanza upya.

Binadamu naye aliiga kazi hiyo: mwaka 1909 mwanakemia Mjerumani Fritz Haber alionyesha jinsi ya kutengeneza amonia, malighafi ya mbolea, kutokana na naitrojeni ya hewa, na mwaka 1913 kiwanda cha amonia cha Oppau, Ujerumani, kilianza kazi. Mbolea ya viwandani imelisha mabilioni ya watu, lakini kuitengeneza huhitaji joto kali, mgandamizo mkubwa na fedha nyingi. Kinundu cha kunde hufanya kazi hiyo kwenye udongo wa kawaida, bila tanuri.

Wakulima wetu waliochanganya mahindi na kunde, mbaazi au maharage walijua faida yake kwa macho na kwa mavuno. Tuwaige, lakini tusisahau jambo moja: punje tunazovuna huondoka na sehemu kubwa ya naitrojeni. Kwa hiyo, ndugu mkulima, ukishavuna kunde usichome majani wala using'oe mizizi. Viache vioze shambani, vilishe mahindi ya msimu ujao.