Konde, Kundi na Wigo: Historia ya Dhamana ya Mnyama Aingiaye Shambani

Hapana kesi ya mifugo na mimea iliyosimuliwa katika misikiti na madarasa ya mwambao wetu mara nyingi kuliko ile iliyofika mbele ya Nabii Daudi na mwanawe Sulaiman, ambayo imeashiriwa kwa ufupi katika Sura ya Al-Anbiyaa na kuelezwa kwa urefu na wafasiri. Kondoo wa watu waliachwa usiku pasipo mchungaji, wakaingia katika konde la mtu, ambalo baadhi ya wafasiri husema lilikuwa la mizabibu, wakalila mpaka halikubaki kitu. Na mwenye konde alipodai haki yake, Daudi alimhukumia apewe kondoo wale wawe mali yake. Sulaiman, ambaye wakati huo alikuwa bado kijana, aliona hukumu iliyo na upole zaidi kwa pande zote mbili, nayo ni kwamba mwenye konde awachukue kondoo kwa muda tu, anywe maziwa yao, akate sufu yao na afaidi wazao wao, na wakati huohuo mwenye kondoo alishike konde, alilime na kulitunza hata mimea irejee kama ilivyokuwa kabla ya usiku ule, ndipo kila mmoja arudishiwe kilicho chake.

Hukumu hii ya pili yastahili kutazamwa sana na kila anayetaka kujua habari ya sheria za wigo na malisho, kwa kuwa ndani yake imetenganishwa asili ya mali na mapato yake: mmoja alipoteza mapato ya msimu, basi akalipwa kwa mapato ya msimu, na wala hakuna aliyeondoka barazani hali amenyang'anywa kile anachoishi kwacho. Tutaona kwamba sheria nyingi zilizokuja baadaye, hata zile zilizotungwa na mabunge makubwa, hazikuufikia uadilifu huo.

Katika zama za Mtume pakatokea kesi iliyofanana nayo. Ngamia jike wa sahaba Al-Baraa bin Azib aliingia katika bustani ya mtu wa Madina akaharibu, na Mtume akapitisha kwamba wenye mabustani ni juu yao kuyalinda mchana, na kilichoharibiwa na wanyama usiku dhamana yake ni juu ya wenye wanyama. Imam Malik, Imam Shafii na Imam Ahmad waliishika hukumu hii, lakini wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi waliitegemea hadithi nyingine, ile inayoondoa fidia katika dhara la mnyama asiye na mtu, wakasema kwamba mnyama aliyetoroka peke yake hamtii mwenyewe hatiani, uwe mchana au uwe usiku.

Sisi watu wa pwani, ambao tokea zamani tumefuata madhehebu ya Shafii, hukumu hii imetufikia zaidi kwa njia ya vitabu vya fiqhi, na hasa Minhaj al-Talibin cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho kwa karne nyingi kimesomeshwa Lamu na Unguja na ambacho tafsiri yake ya Kiingereza, iliyotolewa 1914, ilikuwa mikononi mwa mahakimu wa kikoloni walipotaka kujua sheria ya Waislamu. Nawawi hakuishia kwenye kanuni ya mchana na usiku. Mnyama akiwa na mtu, asema, mtu huyo ni dhamini wa kila kinachoharibiwa, saa yoyote ile. Mnyama akiwa peke yake usiku, mwenyewe hulipa, isipokuwa ikiwa alimfunga barabara na mnyama akakata kamba pasipo uzembe wa mtu; au ikiwa mwenye konde alikuwapo, akamwona mnyama na akalegea kumfukuza; na hali kadhalika, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, ikiwa konde lilikuwa ndani ya wigo wenye mlango na mwenyewe akauacha mlango ule wazi. Katika maneno haya machache imo karibu sheria nzima ya wigo: kwamba aliyejenga wigo amejipa haki ya kutulia, lakini amejitwika pia wajibu wa kuutia komeo.

Na washarehe wa kitabu wakaongeza jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo roho ya kanuni yote, ya kwamba ikiwa ada ya nchi ni kuyalinda makonde usiku na kuwaachia wanyama usiku, basi hukumu nayo hugeuka ikafuata ada ile. Hivyo jua na giza havikuwa na uzito kwa nafsi zao, bali walichotafuta wanazuoni ni kujua ni nani, katika saa fulani na nchi fulani, aliyetarajiwa na jirani zake kuwa macho. Mchana mkulima yumo kondeni na jembe lake, na mbuzi hana budi ale. Usiku kila mtu amelala, na mahali pa mbuzi ni zizini. Mzigo wa ulinzi umegawanywa baina ya watu wawili kwa kadiri ya wepesi wa kila mmoja kuubeba.

Fikra ya namna hii ilikuwako kale sana. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli katika karne ya 18 kabla ya Masihi, mchungaji aliyelisha kondoo katika shamba la mtu pasipo idhini alilipa kiasi maalumu cha nafaka, lakini akifanya hivyo baada ya makundi kwisha kurudishwa kutoka malishoni, alilipa mara tatu ya kiasi kile. Kwa kuwa msimu wa kulisha ulikuwa umefungwa, na mwenye shamba hakuwa tena na sababu ya kungojea kondoo.

Uingereza ilikwenda njia nyingine. Katika sheria ya jadi ya huko, ambayo ilikua katika vijiji vilivyosongamana ambako mashamba yalipakana ukingo kwa ukingo, mwenye ng'ombe, kondoo au farasi alikuwa dhamini wa kila alichoharibu mnyama wake katika ardhi ya mwingine, mchana na usiku, hata kama hakuwa na kosa lolote, na mwenye shamba aliruhusiwa kumkamata mnyama na kumzuia mpaka alipwe. Kwa ajili hiyo vijiji vilijenga viwanja vya kuta vya kufungia wanyama waliokamatwa, na kuta nyingine zingaliko hata leo. Njia kuu peke yake ndiyo iliyotolewa katika ukali huo: mwaka 1882 mahakama ilihukumu juu ya maksai aliyekuwa akipitishwa barabarani katika mji wa Stamford, akakimbilia ndani ya duka la vyombo vya chuma na ikachukua robo tatu ya saa kumtoa, kwamba mwenye duka hana fidia madhali mchungaji hakuzembea, kwa sababu anayekaa kando ya njia amekubali hatari za njia. Haki ile ya kale ya kukamata iliondolewa na sheria ya 1971, na mahali pake pakawekwa utaratibu wa kuwaarifu polisi katika saa 48 na kuuza mnyama baada ya siku 14.

Waingereza walipohamia Amerika wakaigeuza sheria yao juu chini, nayo ni habari yenye mafunzo kwetu. Huko Virginia, katika karne ya 17, misitu ilikuwa mikubwa, wakulima wachache, na nguruwe na ng'ombe waliachiwa wajitafutie. Basi sheria ikamlazimisha mkulima kujenga wigo wa kutosha kuzunguka mimea yake, na asiyejenga hakuwa na dai. Kanuni hiyo ya kumzuilia mnyama nje ilienea kusini na magharibi, hata mwaka 1890 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Utah, ikakubali kwamba kulisha katika ardhi ya serikali isiyo na wigo kumekuwa ruhusa iliyotokana na desturi. Maskini wengi waliishi kwa kanuni hii, kwa kuwa mtu asiyekuwa na ardhi aliweza kufuga ng'ombe wawili watatu juu ya ardhi ya watu wote.

Kilichoivunja ni seng'enge. Joseph Glidden, mkulima wa Illinois, alipata hati ya uvumbuzi wake tarehe 24 Novemba 1874, na kwa miaka isiyofika kumi nyanda za Texas, ambako miti ya kujengea wigo ilikuwa adimu, zikafungwa kwa nyaya za miba. Wenye mali wakazungushia si ardhi yao tu bali pia visima, njia na malisho ya wengine. Na katika 1883, mwaka wa ukame, watu wakatoka usiku kwa makundi na mikasi ya chuma, wakakata nyaya, na damu ikamwagika. Gavana John Ireland aliitisha baraza, likakutana mapema 1884. Kukata wigo kukafanywa kosa kubwa, lenye kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitano. Kuzungushia ardhi ya mwingine pasipo idhini kukawa kosa pia, ila dogo. Na aliyefunga njia ya umma kwa wigo akaamriwa aweke lango kila maili tatu. Si vigumu kuona kipi kilipewa uzito. Huko Georgia nako, sheria ya 1872 iliyoziruhusu wilaya kupiga kura ili mifugo ifungiwe na wenyewe iliwapokonya malisho Waafrika waliotoka utumwani miaka michache tu nyuma, na Wazungu mafukara pamoja nao.

Sheria ya jadi ya Uingereza ilipokelewa Kenya kwa kipimo cha tarehe 12 Agosti 1897 na Tanganyika kwa kipimo cha tarehe 22 Julai 1920, kwa sharti kwamba itumike kadiri hali za nchi na wenyeji wake zinavyoruhusu. Sharti hilo lilikuwa jema, kwa kuwa kanuni iliyozaliwa katika vijiji vilivyopakana ilikuwa inaletwa kwa watu wanaofuata mvua na makundi yao. Wamaasai waliielewa hatari ya kanuni hiyo mapema: katika mapatano ya 1904 wazee wao waliomba njia ya kuunganisha sehemu zao mbili walizotengewa, pamoja na haki ya kufika kwenye maji, na kabla ya miaka kumi kwisha walikuwa wamehamishwa kutoka sehemu ya kaskazini, na seng'enge za walowezi zikafuata.

Katika Mto Tana jambo hili lingali hai. Wapokomo wanalima kando ya mto, Waorma na Wawardei wanafuga bara, na wakati wa kiangazi makundi hushuka mtoni kwa njia zinazoitwa malka, ambazo mashamba huziachia nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ardhi ya kando ya mto ilipotaka kupimwa na kuandikishwa kwa wenyewe, wafugaji walihofu kwamba malka zitafungwa, na mapigano yaliyofuata yaliua watu zaidi ya mia moja. Mwezi wa Agosti 2012 zaidi ya watu hamsini wakauawa kwa siku moja katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto.

Anayelima mahali palipokuwa malka atashinda mahakamani kwa kipimo cha Kiingereza, madhali hati iko mkononi mwake na kwato za ng'ombe ziko kondeni. Kwa kipimo cha fiqhi tuliyoirithi, kadhi angeanza kwa kuuliza ada ya mahali: ng'ombe hupita wapi kwenda maji, saa ngapi, na ni nani aliyeahidiana na nani kuwa macho. Mimi nasema swali hilo liulizwe kwanza na wapimaji wenyewe, na kila malka iandikwe katika ramani kwa jina lake na upana wake kabla ya konde la kwanza kuandikwa kwa jina la mtu, kwa sababu wigo ukishasimama mbele ya maji, fidia ya mahindi yaliyoliwa, hata ikikadiriwa kwa insafu iliyoje, itakuwa inalipwa kwa jambo lisilokuwa ndilo lililogombaniwa.