Bloku Moja Ichongwe Mara Ngapi?

Historia tuliyofundishwa shuleni ilikuwa ya wafalme, mikataba na vita. Leo, ndugu msomaji, nakuomba tushuke hadi gereji, tuchungulie ndani ya tobo la silinda. Humo nako kuna historia, tena inayopimika. Na kuna swali ambalo limewaumiza mafundi vichwa kwa miaka mingi: bloku ya gari la zamani ikishalika, ichongwe tena iingie pistoni kubwa zaidi, au basi?

Tuanzie Uingereza, mwaka 1775. James Watt alikuwa na injini nzuri ya mvuke kwenye karatasi, lakini silinda zilimwangusha. Zilivuja, maana kutoboa chuma kikubwa kikawa duara kamili ilikuwa kazi iliyowashinda wengi. Ndipo John Wilkinson, tajiri wa viwanda vya chuma aliyezoea kutoboa mizinga, akaunda mashine ambayo nondo yenye kisu ilishikiliwa ncha zote mbili, ikapita ndani ya silinda bila kuyumba. Mwaka 1776 Matthew Boulton, mshirika wa Watt, aliandika kuwa silinda yenye upana wa inchi 50 haikukosea hata kwa unene wa shilingi. Enzi hizo ilikuwa ajabu. Fundi wa injini ya petroli akikosea kiasi hicho leo, hana kazi.

Mwaka 1908 Ford wakatoa Model T. Silinda zake nne zilisubiwa kwa pamoja katika bloku moja, na silinda hedi ilifunguka. Legeza bolti, nyanyua hedi, matobo yote manne yako wazi mbele yako. Hadi mwaka 1927 zilikwisha tengenezwa zaidi ya milioni 15. Gari la namna hiyo halikumngoja mhandisi wa kiwandani. Fundi wa mtaani aliweza kulifungua, kulipima na kulirudisha barabarani.

Sasa tuje kwa gari tunalolifahamu. Land Rover ya petroli ya sentimita za ujazo 2286 ilitoka mwaka 1958, tobo lake milimita 90.47. Pistoni za ovasaizi ziliuzwa kwa ngazi: inchi 0.010, 0.020, 0.030, hadi 0.040. Maana yake ni kwamba bloku ilizaliwa na unene wa akiba. Ina roho ya paka, lakini roho zenyewe zinahesabika.

Wafaransa walifikiri vingine. Peugeot 404, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell, halafu tena 1968, ina slivu zinazozungukwa na maji na kuchomolewa. Slivu ikilika unaitoa, unaweka mpya na pistoni yake, mchezo umekwisha. Kwa mwenye 404 swali letu halipo kabisa. Kwa mwenye Land Rover, kila anapochonga anakula mtaji.

Na mtaji huo ulikuwa mtihani mkubwa hapa Tanzania. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena 1979, katikati yake vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikakauka. Spea zikawa lulu. Hebu jiweke katika nafasi ya fundi wa wakati ule: bloku inahitaji 0.020, pistoni zilizopatikana mjini ni za 0.040 peke yake. Ukichonga, umekula roho mbili kwa mlo mmoja. Usipochonga, gari linalala juu ya mawe na familia inayolitegemea inalala njaa. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, uchaguzi ukaongezeka. Lakini chuma kilichokwisha kwangua hakikurudi.

Basi fundi makini anaamuaje? Kwanza anatazama kichwa cha pistoni ya zamani. Mara nyingi kimepigwa muhuri wa saizi yake, na kwa muhuri huo unajua wenzako waliotangulia walikula kiasi gani. Pili anapima kila tobo juu, katikati na chini, kwa mapana na kwa marefu ya bloku. Silinda hailiki sawasawa. Inalika zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na upande ambao pistoni huegemea, hadi duara inakuwa kama yai. Silinda mbovu kuliko zote ndiyo inayoamulia nyingine tatu.

Tatu, na hapa wengi wanajikwaa, anauliza habari za upande usioonekana. Nyuma ya ukuta wa silinda kuna maji. Gari lililonyweshwa maji ya kisima miaka nenda miaka rudi limeliwa na kutu huko nyuma. Isitoshe, wakati wa kusubu ukuta unaweza kutoka mnene upande mmoja na mwembamba mwingine. Kipimo cha mawimbi ya sauti kinaonyesha unene uliobaki. Asipokipata, afanye hesabu kwa tahadhari. Nne, pistoni zinunuliwe kwanza, ndipo bloku ichongwe kuzifuata.

Kuna wanaochonga wakidhani watapata nguvu. Hesabu inawakataa: kutoka saizi ya kwanza hadi 0.040, Land Rover ile inaongeza sentimita za ujazo kama 52 tu. Kwa faida hiyo unauza ukuta wako?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye bloku, ukuta haujengwi upya. Ukiisha unavalishwa slivu, kazi ya gharama inayotaka mkono mzuri. Kwa hiyo jibu langu ni hili: chonga pale tu vipimo vinapolazimisha, kwa ngazi ndogo kabisa inayosafisha matobo yote. Zikitosha ringi mpya na msasa, iache. Bloku hizi zimepita mikononi mwa watu wengi kabla yetu, na waliobakiza kidogo ndio waliotupa nafasi ya kuuliza swali hili.