Kava la usukani: pima kwanza ndipo ununue

Kava kubwa kuliko usukani huteleza. Dereva anakata kona, kava linazunguka, usukani unabaki palepale. Hapo ajali haiko mbali. Ndiyo maana tunakushauri upime kabla ya kwenda dukani.

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kutoka ukingo wa nje wa upande mmoja, kupitia katikati, hadi ukingo wa nje wa pili. Futi inyooke, isilalie kwenye honi. Magari madogo mengi ni sentimita 37 hadi 38. Malori na mabasi huzidi 40. Kisha zungushia uzi pale unaposhika, ujue unene.

Kava sahihi huingia kwa kuvutwa. Ukilivisha, jaribu kulizungusha gari likiwa limesimama. Likicheza, livue.