Mabaharia Watatu Waliosubiri

Tarehe 22 Juni 1807, manowari ya Marekani iliyoitwa Chesapeake ilikuwa ndiyo kwanza imeondoka pwani ya Virginia. Sitaha yake ilikuwa bado imejaa mizigo, na mizinga haikuwa tayari. Manowari ya Uingereza, Leopard, iliifuata ikitaka kuwatafuta mabaharia watoro ndani yake. Nahodha James Barron alikataa. Leopard ikafyatua mizinga, watu watatu wakafa papo hapo na wengine 18 wakajeruhiwa. Chesapeake ilijibu kwa kombora moja tu, kisha ikashusha bendera. Waingereza wakapanda na kuwachukua watu wanne.

Chanzo kilikuwa cha siku nyingi. Uingereza ilikuwa vitani na Napoleon, na manowari zake zilipungukiwa watu. Mshahara ulikuwa mdogo na mjeledi haukukosekana, hivyo wengi walitorokea meli za Marekani. Manahodha wa Uingereza wakawa wanazisimamisha meli hizo baharini na kuchukua watu kwa nguvu. Kwa sheria yao, aliyezaliwa chini ya mfalme alibaki mtu wa mfalme mpaka kufa. Maelfu ya Wamarekani nao walichukuliwa hivyo.

Kati ya wale wanne, Mwingereza Jenkin Ratford alinyongwa Halifax. Waliobaki, William Ware, Daniel Martin na John Strachan, Marekani iliwadai kuwa raia wake. Martin alikuwa mtu mweusi. Tukumbuke kwamba Machi ya mwaka uleule, nchi zote mbili zilipitisha sheria za kukomesha biashara ya watumwa kuvuka bahari. Miezi mitatu baadaye zilikuwa zinagombania watu kwa mizinga, na huko Marekani mashambani utumwa uliendelea.

Uingereza ilikubali kwamba Leopard ilivuka mpaka. Lakini ilitaka kwanza Marekani iondoe amri iliyozizuia manowari zake kuingia bandarini. Marekani nayo ilitaka kwanza ukamataji wa mabaharia ukomeshwe kabisa. Kila upande ulingoja mwenzake aanze. Ware alifia kifungoni. Mapatano yalifikiwa mwishoni mwa 1811, na Martin na Strachan wakarudishwa kwenye sitaha ya Chesapeake huko Boston Julai 1812. Walikuwa wamesubiri miaka mitano, na vita vilikuwa vimetangazwa mwezi uliotangulia.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi mjini Ghent, mkesha wa Krismasi 1814. Haukutaja hata kwa neno moja ukamataji wa mabaharia.

Hata hivyo, mwaka 1817 Richard Rush na Charles Bagot walibadilishana barua kwa niaba ya serikali zao. Walikubaliana kila upande ubaki na meli moja ndogo ya kivita katika Ziwa Ontario, moja katika Ziwa Champlain na mbili katika maziwa ya juu, kila moja na mzinga mmoja. Mashaka hayakwisha siku ile, na ngome ziliendelea kujengwa. Lakini hawakungoja mashaka yaishe ndipo wapunguze silaha.

Wapendwa, hata sisi katika usharika tunaijua habari hii. Ndugu wawili wamekosana, na kila mmoja yuko tayari kusamehe mradi mwenzake aanze. Tunaita hiyo heshima. Wakati huo kuna anayesubiri katikati yetu: mtoto asiyejua aende kwa nani, mzee asiyetembelewa. Ware hakuweza kungoja mpaka wakubwa wamalize kutunza heshima yao.

Mchungaji mwema aliwaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja. Hakuuliza kwanza nani aliyeacha zizi wazi. Tukianza na yule anayeumia, huenda tukagundua kwamba neno la kwanza si zito kama tulivyodhani.