Mawe, Chaja na Tundu la Ukutani: Muziki wa Mfukoni Ulivyosafiri Tangu 1979

Kifaa cha mfukoni cha kusikilizia muziki kilizaliwa kwa sababu ya safari ndefu za ndege. Masaru Ibuka, mmoja wa waasisi wawili wa Sony, alipenda kusikiliza muziki angani kila alipovuka Bahari ya Pasifiki kikazi. Alibeba kinasa sauti cha TC-D5, chenye sauti safi lakini kizito kwa mtu aliyefikia umri wa miaka sabini. Akamwomba Norio Ohga, mwenzake katika kampuni hiyo, amtafutie kitu chepesi cha kuchezea kaseti tu. Mafundi wa Sony waliokuwa chini ya Kozo Ohsone walichukua Pressman, kinasa kidogo cha waandishi wa habari, wakaondoa mtambo wa kurekodi na spika, wakaweka stirio. Akio Morita, mwasisi mwenzake Ibuka, alipokisikia aliamua kiuzwe. Tarehe 1 Julai 1979 Walkman ya kwanza, TPS-L2, iliingia madukani Japani kwa yeni 33,000, ikiwa na matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize kaseti moja.

Andreas Pavel, Mjerumani aliyekulia Brazili, alikuwa ameomba hataza ya wazo kama hilo nchini Italia mwaka 1977, na mvutano wake na Sony ulichukua zaidi ya miaka ishirini kabla ya pande mbili kupatana. Wanahistoria wa vifaa hivi huandika kurasa nyingi juu ya ugomvi huo. Ule wa betri hupewa mistari michache, ingawa ndio uliomgusa kila msafiri, na sheria za karibuni za Umoja wa Ulaya kuhusu chaja na betri zimeurudisha mezani.

Walkman ya kwanza ilitumia betri mbili za AA, zile ambazo Watanzania wengi huziita mawe. Hapo ndipo palipokuwa na uhuru wake. Umeme wa kila nchi una volti zake na soketi zake, lakini betri ya AA ina umbo moja na volti 1.5 duniani kote. Aliyetoka Tanga kwenda Muscat au London hakuhitaji kujua lolote kuhusu ukuta wa hoteli, kwa kuwa mawe mapya yalipatikana katika duka lolote. Yakichoka, kaseti iliburuta na sauti ya mwimbaji ikawa nzito. Afrika Mashariki watu waliyaanika juani ili yapate nguvu ya muda, na kaseti ikarudishwa nyuma kwa kuzungushwa na kalamu ya Bic, maana mota ya kurudishia ilikula umeme mwingi. Maarifa hayo yalirefusha maisha ya betri bila gharama yoyote, na yanastahili heshima katika historia ya teknolojia ya eneo hili.

Kulikuwa pia na vibadilishi vya umeme vya kuchomeka ukutani, lakini vilikuwa na transfoma nzito iliyotengenezwa kwa volti ya nchi moja. Japani hutumia volti 100, Marekani 120, na Kenya, Uganda na Tanzania kati ya 230 na 240. Kibadilishi cha Marekani kikichomekwa Nairobi bila transfoma ya kushusha umeme kiliungua, na mara nyingine kikaharibu na mashine yenyewe.

Mabadiliko yalianza taratibu. Kadiri Walkman zilivyopungua unene katika miaka ya 1980, betri ya duara ilikosa nafasi. Ikaja betri bapa ya kuchajiwa, yenye umbo la kipande cha bazoka, na chaja yake maalumu. Kuanzia hapo, aliyesahau chaja nyumbani hakuweza kuokolewa na duka lolote la jirani. MiniDisc ya 1992 ilipita katika njia hiyohiyo. Rio PMP300 ya 1998, mojawapo ya vichezaji vya kwanza vya MP3, ilirudi kwenye betri moja ya AA.

Tarehe 23 Oktoba 2001 Apple ilizindua iPod: gigabaiti 5, dola 399, na saa 10 za muziki kwa chaji moja. Chaja yake ilikuwa hatua kubwa kwa msafiri. Ilipokea umeme wa volti 100 hadi 240, na kichwa chake chenye pini kiliweza kuchomolewa na kuwekwa cha nchi nyingine. Tatizo la volti lililowasumbua watu wa kaseti liliisha. Lakini betri ya lithiamu ilifungiwa ndani, bila kifuniko wala skrubu ya kufungulia, na kila betri ya lithiamu hupungua nguvu kadiri inavyochajiwa.

Ugomvi ulilipuka New York mwaka 2003. iPod ya Casey Neistat, kijana mtengenezaji wa filamu, ilikuwa na takriban miezi 18 betri ilipokufa. Alipopiga simu kuomba msaada aliambiwa kwamba kubadilisha betri kungegharimu dola 255 pamoja na gharama ya posta, kiasi kilichokaribia bei ya kifaa kipya. Yeye na kaka yake, Van, wakakata kiolezo cha herufi, wakachukua rangi ya kupuliza, wakazunguka Manhattan wakiandika juu ya mabango ya matangazo ya iPod kwamba betri yake haibadilishiki na hudumu miezi 18 tu. Walijirekodi wakifanya hivyo, na filamu yao fupi, iliyotoka Novemba 2003, ilisambaa upesi kwenye intaneti wakati YouTube haijaanzishwa. Mwezi huohuo Apple ilitangaza huduma ya kubadilisha betri kwa dola 99, ikisisitiza kwamba mpango huo ulikuwa tayari kabla ya filamu. Wateja hawakutulia. Kesi ya pamoja ilifunguliwa California, na mwaka 2005 kampuni ilikubali kuimaliza kwa fidia iliyojumuisha vocha ya dola 50 au betri mpya, kutegemea toleo la kifaa. Ndugu hao walikuwa na haki ya msingi. Kifaa kilichouzwa kama mwenzi wa safari kilikuwa na sehemu moja yenye uhai mfupi, na mwenye mali hakupewa njia ya kuifikia.

Upande wa ukuta ulibaki vilevile. Uingereza ilipitisha plagi yake ya pini tatu bapa mwaka 1947, ikaieneza katika makoloni yake, na ndiyo inayotumika leo Kenya, Uganda, Tanzania na hata Oman. Kongo, Burundi na Rwanda zilifuata desturi ya Ulaya ya bara, ya pini mbili za duara. Msafiri wa Bujumbura akifika Dar es Salaam hukuta tundu ambalo chaja yake haiingii. Wengi husukuma kijiti au kifuniko cha kalamu katika tundu la juu, la ethi, kwa sababu pini ya ethi ndiyo inayofungua vizuizi vya matundu mawili ya chini. Njia hii ni ya hatari. Plagi hulegea, hutoa cheche, na anayetumia chuma badala ya kijiti huhatarisha maisha yake. Mwaka 1986 Tume ya Kimataifa ya Umeme ilipendekeza plagi moja ya dunia nzima. Ni Brazili na Afrika Kusini pekee zilizoipokea, nayo Brazili ikaibadilisha kidogo.

Viwanja vya ndege viliongeza sharti lao. Julai 2014 Marekani ilitangaza kwamba, katika baadhi ya viwanja vya nje, kifaa kisichoweza kuwashwa hakitaruhusiwa kuingia kwenye ndege zinazokwenda nchini humo. Kuchaji kabla ya safari kukawa suala la usalama.

Baadaye simu ilimeza kazi ya kucheza muziki, na tarehe 10 Mei 2022 Apple ilitangaza mwisho wa iPod. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya chaja za USB-C ilianza kutumika tarehe 28 Desemba 2024 kwa simu, tableti, kamera, hedifoni na vifaa vingine. Inahusu tundu la kwenye kifaa, wala haigusi plagi ya ukutani. Kanuni nyingine ya Umoja huo inataka kwamba, kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubeba ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe.