Mfuaji Nguo Katika Dirisha la Kanisa

Tunapokumbuka miaka ya kwaya yetu na wale waliotutangulia, nimeona niwasimulie habari za madirisha ya vioo vya rangi yaliyo mbali nasi, katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Liverpool, Uingereza. Yako kwenye ngazi za kanisa dogo la Bikira Maria, lililowekwa wakfu mwaka 1910, nayo huitwa madirisha ya Wanawake Waungwana.

Msidhani uungwana huo ni wa ukoo. Ni kweli yumo Angela Burdett-Coutts, tajiri aliyetoa mali nyingi kwa maskini. Lakini yumo pia Kitty Wilkinson, mfuaji nguo.

Kitty alizaliwa Ireland mwaka 1786. Akiwa mtoto, familia yake ilivuka bahari kwenda Liverpool, chombo kikazama, akampoteza babake na dadake. Alikua katika ufukara. Kipindupindu kilipoingia mjini mwaka 1832, Kitty alikuwa na kitu kimoja ambacho majirani hawakuwa nacho: sufuria kubwa ya kuchemshia maji. Akawafungulia mlango. Wakaja na nguo na matandiko ya wagonjwa, kwa senti moja tu kwa wiki, naye akawaonyesha namna ya kuyasafisha kwa dawa ya klorini. Fikirini hatari yake! Kushika shuka za wagonjwa wa kipindupindu, nyumbani kwako mwenyewe.

Kutokana na kazi hiyo, mji ulifungua nyumba ya umma ya kufulia mwaka 1842, ya kwanza nchini humo, na mwaka 1846 Kitty na mumewe wakapewa kuisimamia. Dirisha lake linawataja pamoja naye maskini wote wanaowasaidia maskini. (Hapo niliwakumbuka akina mama waliofua joho zetu kila Jumamosi, na majina yao hayamo katika kitabu chochote cha kwaya.)

Yumo pia muuguzi Agnes Jones. Alianza kazi mwaka 1865 katika hospitali ya mafukara ya Liverpool, akafa kwa homa ya chawa mwaka 1868, akiwa na miaka 35.

Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yaliharibu vioo vya kwanza. Vikatengenezwa vingine, na Kitty akarudishwa mahali pake. Mwaka 2012 akasimamishiwa sanamu ya marumaru katika jumba la St George's Hall, ambamo hadi siku hiyo sanamu zote zilikuwa za wanaume.