Pwani ya Lamu na Watungaji Wake

Msomaji, umepata kujiuliza neno pwani lilitoka wapi? Si neno la kuazimwa. Maji ya bahari yanapoondoka na kuiacha nchi wazi, Waswahili husema yamekupwa, na mahali yanapokupwa ndipo pwani. Waliolitunga neno hili hawakutazama weupe wa mchanga wala uzuri wa mawimbi. Walitazama mwendo wa maji, kwa kuwa mwendo huo ndio uliowaamrisha saa ya kusafiri na saa ya kurudi, na ndio uliowapa samaki au kuwanyima.

Nimeanza na neno hili kwa sababu nataka kusema nawe juu ya sehemu moja ya pwani ya Kenya, nayo ni visiwa vya Lamu, Manda na Pate, pamoja na tungo zilizozaliwa huko kwa muda wa miaka karibu mia tatu. Ni sehemu ndogo, lakini watungaji wake ni wengi na majina yao ni makubwa. Watu wakiulizwa sababu, aghalabu hujibu upesi kwamba ni uzuri wa mahali: minazi, upepo mwanana, matanga meupe juu ya maji ya samawati. Jibu hilo ni tamu, na mimi mwenyewe nililishika nilipokuwa kijana wa shule. Walakini kila nilipozidi kuzisoma tungo za huko, ndivyo lilivyozidi kuniponyoka. Katika tungo kubwa za pwani ile ni vigumu kumwona mtu aliyeketi ufukoni akisifu machweo ya jua. Bahari imo, tena imo sana, lakini imo kama alivyomo mzee mkali katika nyumba: hasifiwi kila saa, ila hapana afanyaye jambo bila kumkumbuka.

Fuatana nami kwa mashua kutoka mji wa Lamu kwenda Pate. Hatupiti bahari kuu. Twapita Mkanda, mlango mwembamba ulio baina ya kisiwa cha Manda na bara, ambao kuta zake za pande zote mbili ni mikoko. Maji yakipwa, Mkanda hugeuka tope, na chombo chenye shehena hakipiti. Kwa hiyo nahodha wa huko hufanya hesabu zake kwa mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Baina yake ni siku za maji mafu, ambapo hayajai sana wala hayapwi sana. Tukishatoka Mkandani twaona upande wa bara vyuma virefu vya bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi mwaka 2021, na mbele yetu ni kisiwa cha Pate. Mji wa Pate wenyewe haufikiwi na chombo ila maji yakiwa yamejaa. Yakiwa yamekupwa, msafiri hushukia Mtangawanda akaenda kwa miguu. Fikiri basi: huu ulikuwa mji wa wafalme, na mlango wake ulifungwa na kufunguliwa na maji mara mbili katika kila mchana na usiku.

Katika karne ya 17 na ya 18 mji huo, chini ya wafalme wa ukoo wa Nabahani, ulikuwa na nguvu na mali. Upepo wa kaskazi ulileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, vikiwa na nguo na vyombo vya kaure; upepo wa kusi ukavirudisha na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Wenyeji nao walikuwa na mitepe yao, vyombo vilivyoshonwa mbao kwa kamba za makumbi pasipo msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mali ilileta wanazuoni, na wanazuoni wakaleta vitabu. Siyu, mji wa jirani katika kisiwa hicho hicho, ulisifika kwa mafundi wa kunakili misahafu.

Hapo Pate, mwaka 1728, Mwengo bin Athumani alitunga kwa amri ya mfalme wake utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali. Utendi ndio utenzi kwa lahaja za kaskazini. Katika tungo ndefu za Kiswahili zilizosalia hadi leo, huu ni miongoni mwa zile kongwe kabisa. Habari zake si za Pate hata kidogo. Ni habari za vita vya Waislamu wa kwanza na Herekali, mfalme wa Rumi, katika nchi ambayo yamkini Mwengo hakuiona kwa macho yake. Mtu aweza kuuliza, pwani ilimpa nini mtungaji huyu? Nami hujibu kwamba ilimpa kisa chenyewe. Upepo ule ule uliojaza matanga ya wauza kaure ndio uliochukua hadithi na vitabu, na mtungaji wa Pate alizipokea habari za mbali kama alivyozipokea jirani yake bidhaa za mbali, akazishona upya kwa Kiswahili.

Sasa turudi kisiwani Lamu, kwenye ufuo wa Shela. Wageni wa mataifa mengi huupenda ufuo huu, ambao mchanga wake waendelea yapata kilomita 12. Nyuma yake vimesimama vilima vya mchanga, na vilima hivyo si pambo tu, maana chini yake ndimo yanamohifadhika maji matamu wanywayo watu wa mji. Ni mahali pazuri, nami sina haja ya kumkataza mtu kupasifu. Lakini wachache kati ya wapitao hapo kwa miguu mitupu hujua wanakanyaga nini.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Lamu ilikuwa imechoka kuwa chini ya Pate. Pate nayo ilikuwa imeungana na Mazrui, watawala wa Mombasa. Desturi ya zama hizo ilikuwa kwamba kabla ya panga kutoka alani, mashairi hutangulia. Mji ulitunga fumbo ukalipeleka kwa mji wa pili, na mji wa pili ukalifumbua na kujibu. Kwa upande wa Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mtungaji. Kwa upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji, ambaye jina lake bila shaka umelisikia darasani. Tungo hizo zilivuka bahari pamoja na wasafiri, zikasomwa barazani, zikashikwa kwa moyo. Nyingi katika hizo zilikusanywa na kuchapishwa kitabuni mwaka 1995, kwa jina la Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kwa sababu hivyo ndivyo vita hivyo viitwavyo katika mashairi.

Yapata mwaka 1813 maneno yalikwisha, na majeshi ya Pate na Mombasa yakashuka Shela. Watu wa Lamu waliwakabili wakawarudisha nyuma mpaka ufukoni. Wale wavamizi walipokimbilia vyombo vyao ili wajiokoe, walikuta maji yamekupwa. Vyombo vilikuwa vimelala mchangani, vizito kama majabali, na bahari i mbali. Basi wengi mno waliuawa pale pale, kando ya vyombo vyao wenyewe, na wenyeji husimulia kwamba kwa miaka mingi baadaye upepo ulikuwa ukifukua mifupa katika mchanga wa Shela.

Jambo hili hunishangaza kila nilifikiripo. Waliokufa hawakuwa watu wa bara wasiojua bahari. Walikuwa watoto wa pwani, waliofundishwa bamvua na maji mafu kabla ya kufundishwa kuandika. Nadhani walijua vema saa ya maji kupwa, ila walitumaini kwamba watakuwa wameshinda kabla ya saa hiyo.

Lamu ilishinda, lakini haikulala usingizi. Kwa hofu ya kulipiziwa kisasi, wakuu wake walimwita Sayyid Said wa Oman, naye akawapelekea liwali. Ngome iliyo katikati ya mji ilimalizika kujengwa yapata mwaka 1821. Tangu hapo mkono wa Sayyid Said uliendelea kurefuka katika pwani, na mwaka 1837 Mombasa nayo ikatoka mikononi mwa Mazrui. Pate haikupata tena kuwa Pate ya zamani. Vita vya ndugu kwa ndugu viliila, biashara ikahamia kwingine, na nyumba zikaanza kuanguka.

Katika magofu hayo ndimo ulimotoka utungo ambao wengi huuhesabu kuwa kilele cha ushairi wa kale wa Kiswahili, nao ni Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Mtungaji huyu wa ukoo wa masharifu alisema na moyo wake mwenyewe, akauonya usidanganyike na dunia. Maonyo ya namna hiyo yamo katika vitabu vingi vya dini, na kama angekomea hapo, huenda tusingemkumbuka. Lakini yeye aliuchukua moyo wake akautembeza katika nyumba za matajiri wa Pate. Akauonyesha kumbi zilizokuwa na taa nyingi, sasa ni giza na makao ya popo. Akauonyesha vidaka vya ukutani, vile vidirisha vya plasta ambamo zilipangwa sahani za kaure, sasa makinda ya ndege yamelala humo. Hayo si mambo ya kubuni. Alikuwa akieleza mahali alipopajua, na hata leo ukienda Pate utaziona kuta za namna hiyo, na baina ya kuta hizo wenyeji wamepanda tumbaku.

Ndani ya utungo huo huo dunia yalinganishwa na bahari iliyochafuka, yenye matumbawe. Msomaji wa bara aweza kulipita neno matumbawe upesi, kwa hiyo nakuomba usimame nalo kidogo. Tumbawe ni jiwe la baharini, na ndilo lililochongwa likajengewa nyumba za Pate. Chokaa iliyozipaka nyeupe ilipatikana kwa kulichoma jiwe hilo hilo. Tena ndilo lijifichalo chini ya maji likapasua ubavu wa chombo. Mtu aliyekulia huko hana haja ya kufundishwa kwamba kinachojenga na kinachobomoa chaweza kuwa kitu kimoja, kwa maana amelala ndani ya kuta zake na kuliogopa akiwa safarini. Hiyo ndiyo ilhamu ninayoisema.

Wanawake nao walitunga. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ambao katika miaka ya 1840 ulithubutu kuyapinga majeshi ya Sayyid Said na kuyashinda. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa na mumewe amekwisha kufa, alimwita binti yake, Mwana Hashima, alete wino na karatasi. Utendi aliomwachia una mafunzo ya nyumba na ya ndoa, ambayo baadhi yake wasichana wa leo watayabisha, na wana haki ya kuyabisha. Mimi huusikia ndani yake mwanamke aliyeziona enzi zikipwa, naye anatafuta kitu gani ampe mwanawe ambacho hakitachukuliwa na maji.

Lakini, msomaji, karatasi ni adui wa pwani. Unyevu wa bahari huila, mchwa huila, na tungo nyingi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zimekwisha zikiwa makashani. Zilizotufikia zilifika kwa sababu mtu aliketi akazinakili. Huko Lamu aliishi Muhammad Kijumwa, aliyefariki katika miaka ya 1940. Alikuwa mtungaji, mpiga muziki na mchonga nakshi za milango, na mwandiko wake wa kupendeza uliwahifadhia wasomi miswada mingi. Alice Werner na William Hichens, waliouchapisha utendi wa Mwana Kupona mwaka 1934, walikuwa miongoni mwa wageni waliotegemea msaada wake. Majina ya wageni huonekana kwanza juu ya jalada, kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo. Mimi hupenda kukumbuka kwanza kidole kilichoshika kalamu.

Aliyekuja baada yake katika kazi hiyo alikuwa Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo kisiwani Lamu, mwaka 1927, na kufariki mwaka 2017. Alijifunza ushairi kwa bibi yake. Ndiye anayesifiwa kwa kutupatia neno runinga, ambalo walitumia bila kumjua aliyelitunga. Mwaka 1979 ulichapishwa utendi wake, Sambo ya Kiwandeo, yaani chombo cha Lamu, kwa kuwa Kiwandeo ni jina la sifa la kisiwa hicho. Usitarajie humo sifa za mawimbi. Nabhany aeleza jinsi chombo kiundwavyo, na kila sehemu ya chombo aitaja kwa jina lake la Kiamu, kwa maana mafundi walikuwa wakipungua na majina yalikuwa yakizikwa pamoja nao.

Matondoni ingaliko, na vyombo vingali vikiundwa na kutengenezwa huko. Ukifika maji yakiwa yamekupwa, utaziona mashua zimelazwa ubavu juu ya mchanga mbichi, na mafundi wakipenyeza pamba katika maungio ya mbao kwa nyundo na patasi. Huwasikii wakiongea sana. Muda walio nao ni wa saa chache tu, maji yarudi.